Sentensi ya Thelathini na Saba

Sentensi sabini alizitaka yule Mholanzi,
shilingi tano kila moja, malipo mkononi,
za kumfaa msafiri asiyejua neno.
Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa,
chumba chetu juu ya duka la viatu, Kisumu,
kompyuta nne, moja mgonjwa,
na simu iliyolia kama mbuzi aliyebanwa mlangoni
kabla ya kutuunganisha na dunia
kwa shilingi kumi dakika.

Mmbone ndiye aliyejua kupiga chapa bila kutazama vidole.
Kimaragoli cha nyumbani, Kiswahili cha shule,
kingine cha sokoni, kisichokubali kusahihishwa.
Tulibishana juu ya maji.
Mimi: "Nataka maji." Hapa ndivyo tusemavyo,
na hakuna anayekasirika.
Yeye: "Naomba." Mgeni aombe kwanza.
Akishazoea ndipo atake.

Tukabishana juu ya "Hapana, asante."
Nani anakataa ugali wa mtu kwa maneno mawili?
Akaandika: "Nimeshiba, lakini nitaonja."
Mholanzi akacheka, akasema ni ndefu.

Majibu hakuyalipia. Maswali tu.
"Hospitali iko wapi?" Shilingi tano.
Lakini "Pita kwa fundi wa baiskeli, ukiona mwarobaini
uulize tena, mimi pia si mwenyeji sana,"
hiyo haikuwa na bei.

Mchana Mmbone aliwaandikia watu barua pepe:
akina mama wa Nyalenda wenye watoto Ujerumani,
na Mzee Abwao, mstaafu wa reli,
aliyetamka kila neno kwa kupaza sauti
ili lifike.
Barua zote zilianza pamoja.
Nimepokea pesa.
Nimepokea picha ya mtoto, ana pua ya babake.
Nimepokea habari, na tangu jana sijalala.
Vidole vyake vililijua neno hilo
kama miguu inavyojua ngazi gizani.

Basi jioni moja, stima ikipepesa,
alipofika thelathini na saba,
mahali pa kuandika "Nimepotea, tafadhali nisaidie,"
vidole vikaandika walichokizoea.

Disketi ikaondoka na Mholanzi.
Wiki ya tatu tukaisoma kwenye kioo,
mstari ukishuka nyuma ya mstari, polepole, kwa pesa yetu:
Nimepokea, tafadhali nisaidie.
Tulimwandikia. Hakujibu.
Mmbone akatia shilingi tano katika bahasha ya kumrudishia,
na bahasha ikakaa kwenye droo
hadi droo ikaliwa na mchwa.

Wa kwanza alikuja Agosti,
kijana mwenye begi refu kuliko mgongo wake,
pale Kibuye, jua la saa saba, karatasi mkononi.
Nimepokea, akasema.
Mama wa mitumba akaacha kukunja shati.
"Amina! Umepokea nini, mwanangu?"
Akaangalia karatasi.
Nimepokea, tafadhali nisaidie.
"Amina!" wakaitika wa nyanya, wa omena, wa vyuma chakavu.
Mikono ikawekwa kichwani pake.
Akaombewa, akapewa kiti na ndizi nne,
na hakuna aliyemwonyesha njia.

Nilikuwepo. Ningesema.
Nilimwacha amalize ndizi ya tatu
kwa sababu uso wake ulikuwa umetulia
kama wa mtu aliyejibiwa.
Kisha nikampeleka stendi ya Kakamega.

Mmbone alirudi Chavakali kumuuguza mamake
na hakushuka tena.
Mwaka jana nilipanda kumtafuta.
Barabara imehamishwa, duka la alama limebomolewa,
simu yangu ilikuwa imezima, mvua inanusa.
Mtoto mwenye dumu la maji akasimama, akanitazama viatu.
"Mzee, umepotea?"
Kinywa kikajibu kabla yangu.